Kabla ya kununua mtambo wa maji taka: jibu kwa mkuu wa karakana ya kromu, Kampemba

Mama mmoja anayeongoza karakana katika mtaa wa viwanda wa Kampemba, hapa Lubumbashi, ameniandikia. Karakana yake hupokea fimbo za jeki za haidroliki kutoka kwenye malori na mashine za migodi, huzivua kromu iliyochakaa, huzisugua hadi zilingane, kisha huzipaka kromu ngumu upya. Mapipa ya tope la kijani yamejaa uani, maji ya suuza bado ni ya njano hata baada ya kutiwa dawa, na wakaguzi wa mazingira wamempa muda wa kurekebisha. Mwenye kampuni ameletewa bei ya mtambo mkubwa wa kusafisha maji taka. Anauliza: je, waununue, au ipo njia ya kuzalisha taka kidogo tangu mwanzo, na kama ipo, aanzie wapi?

Mama, jibu langu ni kwamba msitie sahihi bado. Mtambo mtauhitaji, kwa sababu karakana ya kromu haiwezi kukosa taka kabisa, lakini mtambo unaochaguliwa leo utakuwa na ukubwa unaolingana na uchafu mnaoutoa leo, na uchafu huo, kwa jinsi ulivyonieleza, unaweza kupungua sana kwa kazi ya miezi mitatu isiyohitaji mkopo wa benki. Isitoshe, mtambo hauiondoi kromu. Huihamisha kutoka kwenye maji na kuitia kwenye tope. Kila kilo moja ya asidi ya kromiki, kemikali inayojaza tangi mnamopakia kromu, inayofika kwenye mtambo hudai, kwa hesabu ya kemia tupu, karibu kilo 1.4 za metabisalfaiti ya sodiamu ili kromu ya valensi sita, ambayo hapa chini nitaiita kromu sita, igeuke kuwa kromu tatu, isiyo na sumu kali kama yake. Kisha hudai chokaa ya kuigandisha. Kinachopatikana ni kama kilo moja ya haidroksidi ya kromu ikiwa kavu, lakini katika tope linalotoka kwenye kichujio, kitu kikavu mara nyingi ni robo tu na kinachobaki ni maji. Kwa hiyo ile kilo moja imekuwa zaidi ya kilo nne za tope, kabla hata hatujahesabu jasi inayotokana na chokaa. Mnanunua asidi, mnanunua dawa ya kuiua, halafu mnalipia mahali pa kuiweka.

Nasisitiza kromu sita kwa sababu ndiyo hatari kubwa ya karakana yako. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka katika kundi la 1, yaani miongoni mwa vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.05 za kromu kwa lita. Tangi la kawaida la kromu ngumu lina gramu 250 hivi za asidi ya kromiki kwa lita, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni kromu yenyewe. Ukipiga hesabu utaona kwamba lita moja tu ya maji ya tangi lako inatosha kuzifikisha lita 2,600,000 za maji safi kwenye kikomo hicho. Mitaro ya upande wetu wa mji humwaga kuelekea mto Lubumbashi na Kafubu, na Kafubu huishia Luapula. Kabla ya kufika huko, maji hayo hupita kando ya visima vya watu.

Anza na hesabu. Chukua ankara za asidi ya kromiki za mwaka mzima na uziweke kando ya daftari la kazi. Mita mraba moja ya chuma iliyopakwa unene wa mikroni 50, yaani sehemu ya ishirini ya milimita, hubeba gramu 360 hivi za kromu, na kromu hiyo hutoka katika gramu 690 za asidi ya kromiki. Tuseme mlinunua kilo 600 kwa mwaka na daftari linaonyesha mita mraba 400 za unene huo zilizotoka na kulipiwa: kilo 276 zimekwenda kwa wateja, na kilo 324 zimekwenda kwingine. Hesabu hii itawashtua wengi ofisini, na ni vizuri iwashtue, kwa maana sehemu ya hizo kilo 324 ndiyo iliyojaza mapipa yako.

Halafu jiulize zimepitia wapi. Karibu kila fundi atajibu kwamba zimebebwa na vipande vinapotolewa tangini. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Vipimo vya muda mrefu vya mafundi wa upakaji vinaonyesha kwamba kipande kilichosimama wima na kuchuruzika vizuri hubeba takriban mililita 80 za maji ya tangi kwa kila mita mraba, na kilichochuruzika vibaya hubeba 400. Hata tukichukua hali hiyo mbaya, mita mraba 400 zitabeba kilo 40 tu za asidi. Kilo 284 bado hazijulikani zilipo, nazo ndizo za kutafuta: ukungu unaopaa kutoka tangini, bomba linalovuja, tangi lililomwagwa kwa kudhaniwa limeharibika, na zaidi ya yote, vipande vilivyopakwa mara mbili.

Hapo kwenye vipande vya kurudiwa ningependa usimame kwa muda mrefu, kwa sababu kwetu Lubumbashi kuna chanzo kimoja ambacho vitabu vya kiufundi vya ng'ambo hukitaja kwa sentensi moja tu. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika kipande kikiwa nusu ya kazi, uso wa kromu hupata utando ndani ya muda mfupi, na umeme ukirudi, tabaka jipya haliishiki vizuri tabaka la zamani. Fimbo hutoka ikiwa inang'aa na mteja huichukua. Baada ya wiki chache mgodini kromu inabanduka kwa magamba, fimbo inarudi, inavuliwa katika asidi ya hidrokloriki, inasuguliwa, inapakwa tena. Kipande kimoja kimezalisha taka za vipande viwili, na malipo ni ya kimoja. Agiza kila kukatika kwa umeme kuandikwe kwenye daftari pamoja na namba ya kipande kilichokuwa tangini. Umeme ukirudi, fundi asiendelee kana kwamba hakuna kilichotokea: ageuze mkondo kwa muda mfupi ili uso uamshwe, kisha aupandishe polepole kutoka chini hadi kiwango cha kazi. Kama jenereta yenu haiwezi kubeba rektifaya zote, yaani mashine zinazogeuza umeme wa kulisha matangi, ibebe angalau ile ya vipande virefu, vinavyokaa tangini saa nyingi, na vile vifupi vipangiwe saa ambazo umeme wa mtaa wenu huwa umetulia. Sijui hatua nyingine inayopunguza taka za kromu hapa mjini kwa gharama ndogo kuliko hii.

Kuhusu tangi kudhaniwa limeharibika: tangi la kromu ngumu likitunzwa hudumu miaka mingi, na kulimwaga huwa dalili kwamba ndani yake kumeingia chuma, shaba au kloridi. Kipande kilichodondoka chini ya tangi kitolewe siku hiyohiyo. Fimbo iliyotoka kwenye asidi ya hidrokloriki isuuzwe vizuri kabla ya kuingia, kwa maana kloridi kidogo tu huharibu kazi. Maji ya kuongezea yasiwe ya bomba wala ya kisima. Msimu wa mvua mnaweza kukinga maji ya paa safi, mkiacha mvua ya kwanza ioshe mabati, na kuyapima kabla ya kuyatumia. Kromu tatu ikizidi tangini, inaweza kurudishwa kuwa kromu sita kwa kupitisha umeme kukiwa na anodi (ncha chanya) pana ya risasi na kathodi (ncha hasi) ndogo. Yote haya ni nafuu kuliko kumwaga tangi na kulijaza upya.

Sasa suuza, ambayo ndiyo inayojaza maji ya njano. Nimekwisha kusema kwamba kipande kilichochuruzika vizuri hubeba moja ya tano ya kile kilichoharakishwa. Weka mti wa kuning'inizia juu ya tangi ili fundi asilazimike kushika mzigo kwa mikono, na fimbo ikae hapo nusu dakika, ikielekezwa ncha moja chini ili matone yakusanyike na kudondoka. Bomba lenye matundu madogo lirushe maji kidogo juu ya fimbo ikiwa bado juu ya tangi, na maji hayo yarudi tangini moja kwa moja. Kisha, mahali pa tangi moja la suuza ambalo bomba lake hufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, weka mawili yanayofuatana, maji safi yakiingia la mwisho na kutiririka kuelekea la kwanza, kinyume cha mwendo wa kipande. Ukitaka kupunguza uchafu mara 1,000, tangi moja huhitaji lita 1,000 za maji kwa kila lita inayobebwa na kipande. Mawili yanayofuatana kwa mtindo huo huhitaji lita 32 tu, na matatu huhitaji lita 10.

Hapa kromu ngumu ina baraka ambayo upakaji mwingine hauna. Tangi lako hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 50 hadi 60, kwa hiyo maji huondoka kwa mvuke mchana kutwa, na lazima yaongezwe. Chora alama kwenye ukuta wa tangi asubuhi, chora nyingine jioni, na upige hesabu ya lita zilizopotea. Ikiwa lita hizo ni nyingi kuliko maji yanayotoka kwenye suuza yako mpya, basi maji yote ya suuza ya kromu yanaweza kurudi tangini na hakuna hata tone linalokwenda mtaroni. Karakana nyingi za kromu ngumu duniani zimefika hapo. Sharti lake ni lile nililotaja, kwamba maji ya kuongezea yawe safi, maana kila uchafu unaoingia kwenye mzunguko huo hubaki humo.

Ukungu hauonekani kwenye mapipa, ila mafundi wako huuvuta kila siku. Sehemu kubwa ya umeme wa tangi la kromu haipaki kitu; huzalisha viputo vya haidrojeni, na kila kiputo kinapopasuka hurusha matone ya asidi hewani. Fundi wa tangi anayetokwa na damu puani mara kwa mara apelekwe kwa daktari bila kuchelewa, kwa sababu kromu sita hula ukuta wa katikati ya pua mpaka utoboke. Funika uso wa tangi kwa mipira ya plastiki inayoelea, weka kifyonza hewa ukingoni mwa tangi, na kwenye bomba la kifyonza hicho weka kinasa matone ambacho maji yake hurudi tangini. Muuzaji akikuletea dawa ya kupunguza ukungu, mwulize kwa maandishi kama ina PFOS, kemikali iliyoingizwa mwaka 2009 katika Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti kemikali sumu zisizooza, na kama inayo usiipokee.

Jambo la kuchanganya taka nitalisema kwa ukali, kwa sababu umeandika kwamba mapipa yenu hujazwa kwa kadiri nafasi inavyopatikana. Likome wiki hii. Asidi ya kromiki ikikutana na mafuta au kiyeyushi huweza kuwaka moto yenyewe. Ikikutana na asidi ya hidrokloriki iliyo kali, hutoa gesi ya klorini. Dawa ya kufulia nguo yenye klorini, mahali penye tope la kromu, huigeuza kromu tatu irudi kuwa kromu sita, na kazi yote ya kutibu inakuwa bure. Kuchoma tope lililochanganyika na chokaa hufanya vilevile. Pipa la mafuta machafu lililotiwa hata lita chache za triklorethilini, kile kiyeyushi cha kuoshea grisi, halipokelewi tena na mkusanyaji mwaminifu wa mafuta, kwa hiyo pipa zima limegeuka taka ya hatari kwa sababu ya lita chache. Kila aina iwe na pipa lake, rangi yake, na jina lake kwa Kiswahili na Kifaransa, kwa herufi ambazo mtu anaweza kuzisoma akiwa amesimama.

Asidi ya hidrokloriki mnayotumia kuvulia kromu itadumu zaidi mkiwa na matangi mawili: fimbo iingie kwanza kwenye asidi ya zamani, imalizie kwenye mpya, na ya zamani ikichoka kabisa, mpya ishuke nafasi yake. Asidi iliyochoka bado ina kazi moja: mnapotibu maji hafifu ya suuza, ambayo lazima yashushwe hadi pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ya 2 au 3 ili metabisalfaiti ifanye kazi, asidi hiyo inaweza kutumika badala ya kununua ya salfuriki. Nasema maji hafifu ya suuza tu. Kamwe isiguse maji ya tangi, kwa sababu niliyotaja ya klorini.

Katika kuosha grisi, acheni triklorethilini na mtumie maji ya moto yenye sabuni ya alkali, mkiondoa mafuta yanayoelea kila asubuhi ili maji hayo yadumu. Mafuta yaliyotumika yawekwe safi na yauzwe kwa mwenye kibali. Yasimwagwe barabarani kutuliza vumbi la kiangazi, hata kama majirani wanayaomba.

Uani kwako, tatizo ni mvua. Kuanzia Novemba hadi Machi, alasiri moja inaweza kuleta milimita 40. Juu ya ua wa mita mraba 500 hizo ni lita 20,000, na zote zikipita kati ya mapipa yenye kutu huwa maji taka ambayo mtambo wowote utalemewa nayo. Mabati na nguzo zitakusaidia kuliko mashine. Sakafu iwe ya zege isiyo na nyufa, yenye ukingo unaoweza kuzuia ujazo wa pipa kubwa kuliko yote likipasuka, na maji ya paa yapelekwe mtaroni bila kugusa sakafu hiyo.

Na vyombo vitupu. Katika mji ambao kila nyumba huweka akiba ya maji kwenye bidoni na mapipa, chombo cha asidi ya kromiki kilichotoka getini kitafika jikoni kwa mtu. Mlinzi anayeviuza hana nia mbaya, anaona chombo kizuri. Vioshwe mara tatu, maji ya kwanza yarudi tangini, kisha vitobolewe mbele ya msimamizi kabla ya kutoka stoo, au virudishwe kwa muuzaji kwa stakabadhi.

Maji taka yatakayobaki, ambayo natarajia yawe machache kuliko sasa, yatibiwe kwa utaratibu: kwanza pH ya 2 hadi 3 na metabisalfaiti mpaka rangi ya njano iishe kabisa na kuwa kijani, kisha chokaa hadi 8.5 hivi. Umesema maji yenu hubaki ya njano baada ya dawa. Hiyo ina maana kwamba chokaa inatiwa kabla kromu sita haijaisha, na kwa kuwa kromu sita haigandi kwa chokaa, inapita yote. Anayetibu apewe karatasi za kupimia pH na kipimo cha kromu sita, na asikisie kwa macho.

Mtu atakuja kukuambia kwamba ana shimo la zamani la mgodi na atachukua mapipa kwa bei ndogo. Mkatalie. Sheria ya mazingira ya nchi yetu, namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, imeweka kanuni kwamba mchafuzi ndiye anayelipa, na kumkabidhi mtu asiye na kibali hakuondoi jukumu lako. Amri namba 13/015 ya 2013 kuhusu viwanda vinavyoainishwa kwa hatari zake inakuhusu pia. Mkaguzi atataka kuona kibali, na daftari la taka litakusaidia kuzungumza naye kwa utulivu. Kama tope litavuka Kasumbalesa kwenda kwa mpokeaji wa Zambia au mbali zaidi, Mkataba wa Basel wa 1989, unaodhibiti usafirishaji wa taka za hatari kati ya nchi, unataka nchi inayopokea na zile za kupitia ziwe zimekubali kwa maandishi kabla lori halijaondoka.

Baada ya miezi mitatu mrudie muuzaji wa mtambo ukiwa na namba tatu: lita za maji ya suuza kwa siku, kilo za asidi ya kromiki zinazoingia humo kwa wiki, na kiasi kikubwa zaidi kilichowahi kuingia kwa saa moja. Mwombe akupe bei mpya kwa namba hizo, na kabla ya malipo yoyote ajaribu dawa zake kwenye ndoo ya maji yenu wenyewe, mbele ya fundi wenu, na matokeo yapimwe na maabara isiyo yake. Hesabu ya mwezi wa kwanza ukiikamilisha, nitumie pamoja na daftari la kukatika kwa umeme, nami nitaipitia mstari kwa mstari.